Uso wa Sindano

Trrr. Trrr.

Simu ilikuwa inatetemeka ndani ya bakuli la bati, gizani, juu ya meza ya cherehani. Huwa naiweka humo makusudi, maana bati linakuza sauti, na mimi nikishaanza kushona hata radi siisikii. Siku zote mlio ule umenipa raha. Trrr maana yake kuna mtu mahali fulani ameuona mkoba wangu wa watoto wa chekechea, ameupenda, anauliza utamfikia lini.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Nilikuwa nimekaa sakafuni namlisha mwanangu kwa kupapasa, kijiko mara mdomoni, mara shavuni, na kila nikikosea anacheka mpaka chakula kinamtoka.

"Mama, hiyo pua!"

"Basi bwana mkubwa, niletee mdomo hapa ulipo mkono wangu."

Tunamwita Bonge, na mwenyewe jina amelikubali. Baba yake alikuwa ameshaondoka kwenda kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, ambako simu zote huachwa kwa mlinzi wa getini. Kwa hiyo tulikuwa mimi na Bonge tu, na giza, na lile bakuli.

Nilijifuta vidole kwenye gauni nikaichukua simu. Ujumbe ulitoka kwa mwanamume nisiyemjua. Mahali pa sura yake palikuwa na picha ya gari jeupe.

"Habari za jioni dada. Samahani kwa usumbufu. Natafuta masweta ya watoto kwa ajili ya kituo cha kulelea watoto. Nimeiona video ya yule fundi, nimemwandikia hajibu. Nimeona amekutaja kwamba wewe ndiye mwalimu wake. Naomba unielekeze anapopatikana."

Moyo uliniruka kwa furaha. Sindano kapata oda! Tena si ya sweta moja la mtoto wa jirani, ni ya kituo kizima.

Sindano ni mwenzetu. Jina hilo tulimpa sisi, wanakikundi, kwa sababu alipojiunga aliweka picha ya sindano za kufumia tu, hakuweka sura. Kikundi chenyewe kilizaliwa pale masomo ya jioni yalipokwisha. Tulikuwa tumesoma kuuza mtandaoni, watu wazima tunaopiga miayo kwenye madawati ya watoto, na siku ya mwisho tukaona haifai kila mmoja ashike njia yake na alichokijua. Tukafungua kikundi kwenye simu. Hakuna kiingilio. Sharti ni dogo tu, kwamba anayekuja kuomba ushauri aanze kwa kutoa kitu kimoja anachokijua. Mzee Vyungu, muuza vyungu vya maua, aliingia kwa kutufundisha namna ya kupiga picha bila kivuli. Dada Sabuni alitufundisha kumjibu mteja mkali bila kumpoteza. Mimi nilikuwa nawasomea madokezo yangu ya darasani kwa sauti, ndiyo wakanibatiza Mwalimu, jina la utani lililokuja kunikaa kama kweli.

Na tuna kitu tunakiita kusukuma. Mmoja akiweka tangazo, anaandika kikundini neno moja, "Sukuma," na sisi wote tunaacha tulichoshika, tunakwenda kwenye tangazo lake kuandika maoni. Ukipata maoni mengi mapema, mtandao wenyewe unakubeba unakupeleka kwa watu usiowajua. Mimi nimewahi kusukuma huku nanyonyesha.

Sindano alipofika kikundini, alitoa kwanza: namna ya kufua sufu isisinyae. Halafu akauliza swali lake. Nalikumbuka lilivyo. "Je, mtu anaweza kuuza bila kuonyesha uso wake wala anapokaa?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nilijibu kwa raha, kama mtu aliyeulizwa swali alilolisomea. Nikamwambia masweta yapo kila mahali, mteja anamnunua aliyeyafuma. Nikamwambia duka la mtandaoni halina mlango, kwa hiyo mpe mteja mlango, muonyeshe nyumba, muonyeshe mtaa, akijua ulipo hatakuogopa. Nikampa na mfano wa video zangu mwenyewe. Ziko nyingi. Bonge anafungua mlango wetu wa bluu anasema "Karibuni!", nyuma yake unaiona mashine ya kusaga nafaka na bango la fundi baiskeli.

Sindano akaandika, "Kuna mtu nisingependa anione."

Nikamjibu, "Kama ni mchumba wa zamani, mwache aone alichokikosa!"

Kikundi kizima kilicheka. Mzee Vyungu aliweka vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, mstari mzima. Yeye Sindano hakuweka kitu. Lakini Jumapili alikuja kwangu na binti yake mdogo, kama alivyokuwa akija mara kwa mara nimfundishe, nikamfungulia ukurasa, nikamwekea na neno la siri tukalishika wote wawili ili niwe namjibia wateja akiwa anafuma. Akaendelea kuuza mikono yake tu kwa muda mrefu, masweta mazuri kupindukia, na wateja wa kuhesabu kwa vidole. Mpaka jana. Jana alijirekodi, amekaa dirishani kwake, jua limempiga shavuni, anafuma na kutabasamu kidogo, na kupitia dirishani unaliona tangi jekundu la maji juu ya paa la jirani. Akaandika "Asante Mwalimu wangu," akataja na ukurasa wangu. Akaandika "Sukuma."

Tulisukuma hasa.

Kwa hiyo yule mwanamume aliponiuliza, sikujivuta. Nilibonyeza kitufe cha sauti nikamweleza kama ninayemwelekeza shemeji yangu. "Karibu sana kaka. Ukishuka kituo cha bomba la maji, vuka reli, fuata ukuta wa ghala mpaka uone tangi jekundu. Jengo linalotazamana nalo, ghorofa ya juu, mlango wa mwisho. Fundi wetu ni mtu mzuri, hutajuta."

Nikarudi kwa Bonge. Nikamfuta mashavu. Nikawa nawaza vile Sindano atakavyonipigia kesho, na sauti yake ile ya chini.

Trrr.

"Asante sana dada. Umenisaidia mno. Hivi binti yake bado anashika sikio akitaka kulala?"

Niliusoma. Nikausoma tena, kwa sababu mara ya kwanza nilitabasamu. Kweli, yule mtoto hushika sikio. Jumapili ile alisinzia kwenye kochi letu, mkono sikioni kama anayepokea simu, na mimi na Sindano tukacheka kimyakimya. Ni mtoto wa miaka minne hivi, na kwa mara zote alizokuja kwangu sijawahi kuisikia sauti yake. Ukimsalimia anamtazama mama yake kwanza, kisha anafunga mdomo. Nilidhani ni haya tu.

Kwenye video hakuna mtoto. Kwenye ukurasa wote wa Sindano hakuna mtoto, wala kiatu cha mtoto, wala mwanasesere sakafuni. Mimi naujua, mimi ndiye niliyeufungua.

Ilikuwa kama ukishuka ngazi gizani ukadhani imebaki moja, kumbe zimekwisha.

Nilimpigia Sindano. Haipatikani. Nikampigia tena. Haipatikani. Umeme ulikuwa umekatika na kwake pia, na simu yake ni ile ya betri mbovu, ukiichomoa tu kwenye chaji inazima. Mimi ndiye niliyemshauri asiinunue nyingine kwanza, aongeze sufu.

"Mama, maji," alisema Bonge.

Nikampa maji.

Kwenda mwenyewe? Kwake ni mbali, pikipiki nzima, na mtoto nitamwacha na nani? Nikafungua kikundi. Nikaandika lile ombi letu la kila siku, maana vidole havikujua jingine. "Naombeni ushauri."

Mzee Vyungu hakuchelewa. "Ha! Leo Mwalimu kawa mwanafunzi. Toa kwanza, Mwalimu, sheria ni sheria!"

Nilirekodi sauti. Niliongea haraka mpaka maneno yakawa yanakanyagana. Nikasema kuna mtu anamtafuta Sindano, nadhani ndiye yule asiyetaka amuone, na mimi nimempa njia, tangi jekundu, ghorofa ya juu, mpaka mlango wa mwisho. Nikawaona wamesikiliza, mmoja mmoja.

Halafu Dada Sabuni akatuma sauti, na nyuma yake nikasikia mlango unafungwa. "Mwalimu, usilie. Mimi leo niko kwa mama mdogo, upande uleule wa reli. Nishatoka. Ghorofa ya juu, mlango wa mwisho, sivyo?"

"Ndivyo. Dada, angalia usikutane naye."

"Atanijuaje? Mimi mnene mwenye ndoo ya sabuni. Watu kama mimi hatuonekani."

Trrr. Gari jeupe. "Dada nimeshafika hapo kituoni. Giza totoro. Hilo tangi silioni."

Nilimshukuru Mungu kwa umeme uliokatika, mimi niliyekuwa nimeulaani jioni nzima. Nikanakili maneno yake nikayatupa kikundini. Nilikuwa nimekaa juu ya kochi, Bonge kwenye mapaja, ameanza kuchoka, kichwa chake cha moto kwenye titi.

Mzee Vyungu akanipigia. Hakuwa anacheka tena.

"Mwalimu, sikiliza. Wewe si ndiye uliyetufundisha kwamba mteja anaamini maoni kuliko mwenye duka?"

"Mzee wangu, sasa hivi si wakati wa..."

"Sikiliza kwanza, binti. Neno la siri la Sindano unalo. Andika tumehama. Sema tupo kwenye kitalu cha maua nyuma ya kituo cha polisi. Hapo ni kwangu. Polisi ni majirani zangu, wananinunulia maua ya bustani yao. Nakwenda kuwaamsha sasa hivi. Wewe weka tangazo, sisi tutasukuma."

"Akija akakuta ni uongo?"

"Akija atakuta vyungu. Na mimi. Na vijana wangu wa kubeba vyungu, ambao hawajapata kazi ya maana leo."

Niliingia kwenye ukurasa wa Sindano. Nimeandika matangazo mengi maishani, lakini sijawahi kuandika tangazo huku nasikia jasho likishuka mgongoni kama mdudu. "Wateja wetu wapendwa, tumehama kule kwa tangi jekundu. Sasa tunapatikana nyuma ya kituo cha polisi, kwenye kitalu cha maua. Karibuni, mpaka saa tatu tupo." Nikaweka picha ya sweta la njano. Halafu kikundini nikaandika neno moja.

Sukuma.

Wakaja. Sijui walikuwa wanafanya nini majumbani mwao, wengine walikuwa mezani, mmoja baadaye aliniambia alikuwa bafuni, lakini walikuja. "Fundi, nimetoka kuchukua la mwanangu sasa hivi, limemkaa!" "Kumbe mmehama? Mimi nilikwenda mpaka kwa tangi nikakuta kufuli." "Huku mpya ni kuzuri, hata pa kuegesha gari papo." Mwenzetu muuza viatu aliuliza kama kuna masweta ya mtoto wa mwaka mmoja, na muuza mito ya kulalia akamjibu kwamba yapo, ameyaona kwa macho yake. Uongo ulikuwa unapendeza. Ulikuwa na vicheko, na makosa madogo, na mtu mmoja aliyelalamika kwamba vifungo ni vikubwa. Hata mimi niliyeutunga nikaanza kuliona lile duka.

Dakika zilipita. Nilikuwa nahesabu pumzi za Bonge.

Trrr.

"Dada, kumbe amehama?"

Hapa ndipo ilinibidi niwe mwigizaji. Nilipumua. Nikaandika kama mtu anayetafuna kitu. "Jamani kaka, nisamehe! Nimesahau kabisa, amehama juzi tu. Nenda nyuma ya kituo cha polisi, kwenye kitalu cha maua. Utamkuta." Nikaongeza na kile kikatuni cha mtu anayejipiga paji la uso. Halafu nikaitazama simu mpaka macho yakaniwasha.

"Sawa," akaandika.

Sawa tu. Hakuna asante.

Dada Sabuni alituma sauti, anahema. Alikuwa amewapata. Walikuwa wamekaa gizani wanakula, Sindano na binti, hawana habari. Alipotaja tu kwamba kuna mtu ameulizia sikio, Sindano hakuuliza swali hata moja. Alisimama, akachukua begi lililokuwa limeshafungwa, nyuma ya mlango. "Limeshafungwa, Mwalimu," alisema Dada Sabuni. "Huyu mama amekuwa akiishi na begi lililofungwa." Wameshukia ngazi ya nyuma, ya kufulia nguo. Wako kwenye pikipiki.

"Nawaleta kwako," akasema. "Nilikofikia mimi, mama mdogo ana wageni wengi na mdomo mkubwa."

Nikasema waje. Ningesema nini?

Walifika taa zote za mtaa zikiwa bado zimezima. Nilifungua mlango nusu. Dada Sabuni aliwasukuma ndani kama mikate kwenye tanuri, akanibana bega, akarudi kwenye pikipiki kumfuata mama mdogo asije akapiga kelele mtaani kumtafuta. Nikafunga komeo. Sindano alisimama katikati ya chumba, binti yake amemshika sketi. Kwenye mwanga wa simu uso wake ulikuwa uleule wa kwenye video, shavu lilelile, ila hakuna kitu cha kuuza humo.

"Nisamehe," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyemwelekeza."

"Najua."

"Nilidhani ni oda."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Ana maneno mazuri," alisema. "Hata mama yangu mzazi alimwelekeza. Mara mbili." Halafu akainua uso. "Ile video niliirudia mara nyingi kabla ya kuiweka. Unajua nilichokuwa nawaza? Nilikuwa nawaza, labda sasa mimi ni mtu wa kawaida. Watu wa kawaida si huonyesha nyuso zao?"

Nilimpa chai iliyokuwa imebaki kwenye chupa. Nilitaka kumwambia nitafuta kila kitu, sitafundisha mtu tena, mdomo wangu nitaushona. Lakini walikuwa pale chumbani kwangu wakiwa wazima kwa sababu kuna watu wamezoea kuitikia mtu akiomba ushauri. Sikujua la kufanya na jambo hilo. Bado silijui vizuri.

Binti alikaa karibu na Bonge. Bonge, ambaye hana haya ya mtu yeyote, alimwonyesha kijiko chake. Mtoto akakitazama, akamtazama mama yake, akafunga mdomo.

Trrr.

Sote tuligeuka kulitazama lile bakuli. Nilikwenda kuichukua simu. Alikuwa Mzee Vyungu: "Kaja, kachungulia getini, kaona askari anaongea nami, kageuza. Gari jeupe. Sijamshika, Mwalimu. Nisamehe."

Sijamaliza kuusoma, trrr. Gari jeupe. Mstari mmoja. "Hapa kuna vyungu."

Nilisimama pale nimeshika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto asiyejua pa kulitupa. Ikatulia kidogo. Halafu ikaanza.

Trrr. Amependa video yako. Ile ya mikoba ya rangi ya machungwa, niliyoirekodi mezani.

Trrr. Amependa video yako. Ile ya Bonge amevaa mkoba anaelekea chekechea.

Trrr. Ile ya bango la fundi baiskeli.

Kila moyo mwekundu uliotokea kwenye kioo ulikuwa ni yeye anayesogea. Alikuwa anatembea ndani ya ukurasa wangu kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akisukuma milango, na mimi nilikuwa nimeiacha yote wazi, kwa mikono yangu, nikaweka na muziki. Mashine ya kusaga. Trrr. Kona yenye mfereji. Trrr. Nilijua inayofuata.

Trrr. Bonge anafungua mlango wa bluu. "Karibuni!"

Nilizifuta. Nilifuta zote, kidole kinateleza kwa jasho, nikafuta hata zile nzuri zilizoniletea wateja wangu wa kwanza, hata ya siku Bonge alipojifunza kusema neno mkoba. Haikusaidia kitu. Alishaona. Nikampigia Mzee Vyungu, nikamwambia kwa kunong'ona anakuja kwangu, amepajua, kwa video zangu mwenyewe.

"Niko na askari. Tunakuja," alisema. "Msimfungulie mtu. Zimeni kila kitu. Tukifika nita..."

Simu ikazima. Betri yangu nayo. Kioo kikawa cheusi, na katika weusi ule nikaona umbo la kichwa changu.

Tuliwasogeza watoto nyuma ya rundo la mikoba ambayo haijashonwa mikanda. Tukasukuma meza ya cherehani mlangoni, polepole, tunaibeba isikwaruze. Sindano alijua kubeba meza bila sauti. Aliinua miguu miwili ya meza kwanza, akaishusha kwenye vitambaa. Nilimtazama nikajiuliza amejifunzia wapi, na papo hapo nikatamani nisingejiuliza. Upande wa chini wa mlango wetu kuna uwazi, kiganja kinapita. Kila masika namwambia baba Bonge auzibe, maji yanaingia. Kila masika anasema kesho.

Tukakaa sakafuni. Bonge nilimnyonyesha ingawa nilishamwachisha. Ni njia pekee ninayoijua ya kumnyamazisha mtu.

Sikujua ni muda gani umepita. Mtaa ulikuwa na sauti zake: mbwa, redio ya betri ya mzee wa jirani, mtu anacheka mbali. Halafu redio ikazimwa. Halafu nyayo. Zilikuwa zinakuja bila haraka, zinasimama, zinakuja, kama za mtu anayesoma milango mmoja mmoja. Mwanga wa tochi ulipita kwenye dirisha, ukarudi, ukashuka. Ukaingia chini ya mlango, mstari mweupe mpaka katikati ya sakafu yetu.

Mtu aligonga. Mara mbili, taratibu.

Nikataka kuuliza nani, nikajifunga mdomo kwa mkono. Nikiuliza, atajua tumo. Nisipouliza, na kama ni Mzee Vyungu, yuko pale nje, na yule mwingine naye yuko mahali fulani kwenye giza hilohilo. Sindano alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inakwenda, sijui ni dua au ni hesabu.

Mlango ukagongwa tena.

Ndipo nilipohisi kitu kinapita kwenye goti langu. Yule binti alikuwa ametoka nyuma ya mikoba. Alikuwa anatambaa kwenda mlangoni, hana haraka, anapita chini ya meza ya cherehani kama anayekwenda kwenye kazi yake. Mama yake alinyosha mkono kumshika, akamkosa. Mtoto akalala kifudifudi, shavu kwenye saruji, macho kwenye ule uwazi, na mwanga wa tochi ukampiga usoni. Mkono wake mmoja ukapanda ukalishika sikio. Alitazama kwa muda mrefu, kwa makini, upande mmoja, kisha upande mwingine, na nikaelewa kwamba si mara ya kwanza kutazama namna ile.

Kisha akageuza kichwa, akatutazama sote, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya wazi, wala si ya kunong'ona, akasema:

"Hivyo si viatu vya baba."